Neno Nililomvika Nanjala

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja ya Julai kule Dubai, ndani ya basi la kampuni, nilipomrushia mwenzangu neno la Kiingereza ambalo sikujua lilikotoka. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu. Nilikuwa mlinzi katika jengo jipya la ghorofa huko Al Jaddaf, mimi na Nanjala wa Bungoma, tukikaa mapokezi zamu moja. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi. Mimi nilitoka Nyahururu bila sweta kwa sababu niliambiwa Dubai ni joto tupu, na baridi ya viyoyozi ndani ya majengo yale ilipotaka kunimaliza, Nanjala akanipa sweta yake.

Kosa lilikuwa langu. Nakwambia mapema ili usinitafutie visingizio. Niliacha meza nikaenda kwenye ngazi kuongea na wewe kwa simu. Ulikuwa na miaka minne, unaishi na nyanya yako, na siku hiyo ulikuwa umekataa kula. Nilikaa huko dakika ishirini. Nanjala akiwa anahudumia wageni peke yake, mtu wa kuleta mizigo akapanda juu bila kuandikishwa, na mpangaji mmoja akalalamika. Msimamizi aliponiuliza nilikuwa wapi, nilisema chooni. Alipomuuliza Nanjala, akasema nilikuwa kwenye ngazi, na simu. Nikapewa barua ya onyo, nikatolewa mapokezi nikapelekwa geti la maegesho, nje, juani. Jua la Julai ya kule hulijui, na sikuombei ulijue.

Siku hizo tulikuwa tukitazama tamthilia za Wamarekani kwenye simu, na mimi nilipenda kuokota maneno yao. Moja lilinipendeza kupita yote: You sold me down the river, yaani umeniuza huko chini mtoni. Ndivyo anavyosema mtu aliyesalitiwa na rafiki. Basi asubuhi ile Nanjala alipopanda basi, nikasimama, watu kumi na wanne wakisikiliza, nikamwambia hivyo kwa sauti ya mwigizaji. Watu wakacheka.

"Kwani ningesema nini? Si niliulizwa," Nanjala akajibu.

Hakuna aliyemjali. Kufika jioni alikuwa anaitwa Riva, kutokana na ile river, mto.

Unatujua sisi Wakenya na majina ya kupachikana. Lilimganda. Chumbani tulikuwa wanawake wanane tukila sufuria moja, zamu ya kupika ikizunguka. Zamu ya Nanjala ilipofika, mtu akamwahi jikoni. Wiki iliyofuata ikawa vivyo hivyo, mwishowe akawa anajipikia peke yake, mayai na chai. Akiingia, mazungumzo yanakatika. Nani ataongea mambo yake mbele ya muuzaji? Na mimi, nisikufiche, nilifurahia. Kila nilipotoka getini kichwa kikiniuma, nilijiambia anastahili.

Karibu na jengo letu palikuwa na fundi cherehani, mzee wa Kizanzibari tuliyemwita Mwalimu kwa sababu alifundisha historia Unguja kabla ya kuhamia Dubai. Sare zetu zilikuja zote saizi moja kama vile sisi ni matofali, naye ndiye aliyezipunguza. Nilipokwenda kuchukua suruali yangu, akanionyesha nyingine, akauliza kama namjua mwenyewe.

"Hiyo ni ya Riva," nikasema.

"Riva ndiyo jina gani hilo?"

Nikamweleza kisa chote, tena kwa mbwembwe. Akazima cherehani.

"Wamjua aliyeuzwa huko mtoni ni nani?"

"Ni msemo tu, Mwalimu."

Akanieleza taratibu, kama yuko darasani. Marekani, zama za utumwa, watu wa majimbo ya juu waliuzwa wakateremshwa kwa Mto Mississippi hadi mashamba ya pamba na miwa ya kusini, ambako kazi iliwaua. Mama aliuzwa, mtoto akabaki. Mabwana waliwatisha watumwa wao kwa hilo tu: lete ukaidi, nitakuuza huko chini mtoni. Msemo umetoka hapo. Vizazi vikapita, watu wakawa wanauambiana wakiudhiana ofisini.

"Bibi yangu mzaa mama alinunuliwa," akasema. "Kaletwa Unguja mdogo, hata jina alilopewa na mamake halijui. Nyumbani kwetu ukisema fulani kaniuza, hata kwa mchezo wa karata, bibi atainuka ende zake chumbani. Mpaka umfuate umtake radhi."

Nikaanza kuikunja suruali yangu.

"Haya, huyo mwenzio alipokuuza kalipwa nini?"

"Hakulipwa kitu."

"Kasema uongo?"

"Hapana."

"Basi bibie, mtu kasema kweli, nawe umemtia kundi moja na wauza watu. Wewe wamekupeleka getini. Yeye umempeleka wapi?"

Akilini nikamwona Nanjala ameketi ukingoni mwa kitanda chake na sahani mapajani, ametugeuzia mgongo. Niliona aibu mwanangu, aibu ya kweli.

Kesho yake nikasimama ndani ya basi lile lile, nikasema kwa Kiswahili kwamba niliacha kazi, nikadanganya, na Nanjala alisema kweli. Wengine walinitazama kama niliyepigwa na jua. Jioni nikampelekea ugali na sukuma, nikamwomba msamaha.

"Nimekusamehe," akasema. "Lakini hilo jina sasa utalitoa aje?"

Alirudi kula nasi. Jina halikutoka. Wasichana wapya walifika, wakalikuta, wakamwita hivyo kwa upendo kabisa, naye akaitika. Mkataba wake ulipoisha, wakamnunulia kadi na kuandika kwa herufi kubwa, Kwaheri Riva. Aliisoma, akawashukuru mmoja mmoja. Alipoondoka tuliikuta kitandani.

Nakwambia haya kwa sababu juzi nilikusikia ukimwambia dada yako amekutupa chini ya basi, msemo mwingine wa Kiingereza wa kusalitiwa, eti kwa kuwa aliniambia ulikokuwa. Hakukutupa popote. Nilimuuliza, akajibu. Ukiokota neno la watu, uliza kwanza nani aliumia ndipo likazaliwa, kisha utazame kama kosa la mwenzako linafika hapo. Mara nyingi halifiki. Na kosa likiwa lako, sema ni langu, uone aibu siku moja iishe. Kwa maana ukimpaka mtu matope mbele ya watu kumi na wanne, unaweza kuwarudia wote kumi na wanne, lakini hutawapata wale waliosimuliwa na hao.

Mungu akupe marafiki wa kusema kweli hata ikikuchoma, akupe na moyo wa kula nao sahani moja. Na popote alipo Nanjala leo, aitwe Nanjala.