Lulu Zilizonukia Dawa ya Meno

Nianze na ujinga wangu ili tumalizane nao mapema: nilizipiga mswaki lulu za mama. Ilikuwa Jumatano, siku ambayo shule zetu hapa Bruseli hutuachia mchana. Nilijifungia bafuni na dawa ya meno ya mnanaa, ile yenye mistari, nikasugua punje moja baada ya nyingine, mbele na nyuma, kama daktari wa meno alivyonifundisha. Nilijiambia lulu na meno ni ndugu: vyote vyeupe, vyote vinakaa kinywani mwa mnyama. Mkufu ulikuwa na umanjano kidogo, kama meno ya mwalimu wetu wa hesabu. Nilitaka ung'ae, jibu lijitokeze lenyewe.

Jibu la nini? Mama alikuwa amemtunza bibi mmoja Mbelgiji kule Berchem-Sainte-Agathe kwa miaka sita: kumwogesha, kumpikia, kumsikiliza akiwasengenya majirani. Siku bibi anahamia nyumba ya wazee, aliuvua mkufu shingoni mwake palepale mlangoni, akamvisha mama. Wiki haijaisha, binti yake akapiga simu, adabu tupu. Mama yake alikuwa na mikufu miwili inayofanana, mmoja wa lulu, mwingine wa vioo, wa kusafiria. Kama huu ni wa vioo, mama abaki nao. Kama ni wa lulu, ulikuwa wa nyanya yake, tafadhali aurudishe Jumamosi.

Mama akakwama. Ukiwa wa kweli, unaondoka. Ukiwa wa bandia, unabaki, lakini basi bibi wa watu alimvisha kioo baada ya miaka sita. Rafiki yake wa kwaya, aliyekuja kunywa chai, ndiye aliyeweka chumvi kwenye kidonda.

"Ma chère, muzungu atoshe lulu kwa shingo yake, akupatie weye? Ile iko vitre, kioo tu. Mi najua vitre."

"Unajua juu mikufu yako yote iko vitre," mama akamjibu.

"Hata! Yangu iko plastique, sifichake."

Walicheka, lakini chai ya mama ilipoa kikombeni. Mgeni alipoondoka, aliniambia bila kunitazama: "Ikiwa ya kweli, nitairudisha mi mwenyewe, samedi, siku yenye binti yake alisema, na hii mikono yangu. Aone. Lakini nataka nijue."

Hapo ndipo nilipojiteua kuwa mtaalamu, na mswaki ukawa kazi yangu ya kwanza. Ya pili, siku iliyofuata, ilikuwa kufungua kitabu, jambo ambalo lingefaa kutangulia. Kitabu cha maktaba ya shule kilisema: sugua punje kwenye meno ya mbele. Ya kweli inakwaruza kama mchanga mwembamba, kioo kinateleza. Nikasugua. Ikakwaruza! Nikataka kumwita mama, kisha nikaonja mnanaa. Je, ule mchanga ni lulu au ni dawa ya meno iliyokauka? Nikasuuza, nikarudia. Punje moja ilikwaruza, ya pili ikateleza, ya tatu sijui.

Kitabu kikasema tena: lulu ya kweli ni baridi ukiishika. Bwana we, ilikuwa Februari. Katika nyumba yetu hata mkate ulikuwa baridi. Kikasema lulu ni nzito kuliko bandia. Nzito kuliko bandia ipi, na mimi nina mkufu mmoja tu? Kikasema punje za kweli hazilingani kabisa. Nilizitazama kwa kioo cha kukuza mpaka jicho likatoa machozi, nikaona zinalingana, kisha hazilingani, kisha nikaona kitu ambacho kitabu hakikukitaja: mikwaruzo midogo midogo, mamia, yote imelala upande mmoja. Upande wa mswaki.

"Unaona nini?" mama akauliza kutoka jikoni.

"Mikwaruzo."

"Ya nini?"

"Ya uzee, maman."

Nilisema hivyo bila kupepesa. Ninavyopenda mzaha, huo haukunichekesha.

Ijumaa alinikokota hadi kwa sonara mmoja karibu na Porte de Namur. Mzee yule alinitazama mimi kwanza, mikono yangu hasa, ndipo akautazama mkufu. Alimuuliza mama ni wa nani. "Wangu," mama akasema kwa Kifaransa chake cha Jumapili, "labda."

Sonara hakuugusisha menoni. Alichungulia tundu la punje moja, palipo na tabaka jembamba kama ganda la kitunguu, alama ya lulu. Akatuonyesha kifundo kidogo cha uzi kati ya kila punje na mwenzake, ili uzi ukikatika ipotee moja tu; nani angehangaika hivyo kwa vioo? Mimi vifundo vile nilikuwa nimevilaani mchana mzima kwa kunasa nywele za mswaki. Dakika mbili tu, amemaliza.

"Ni lulu, madame. Ndogo, za zamani, zimechaguliwa kwa mkono."

Mama alinyooka. Sijawahi kumwona akiwa mrefu namna ile. Alikuwa ameshaanza kufunga koti, Jumamosi yote iko usoni mwake, sonara alipoinua tena kioo chake.

"Lakini nani amezisugua? Ngozi ya juu imechubuka. Mng'ao huu haurudi." Akanusa. "Mnanaa?"

Mama aliuchukua mkufu, akatoka. Tukapanda metro. Kituo baada ya kituo nilisubiri anitukane, nikakosa hata hilo. Nilitunga mizaha mitatu kichwani, hakuna uliofaa.

Nyumbani hakuvua koti. Aliinua simu, akamwambia binti yule kila kitu: ni za kweli, na mwanangu amezipiga mswaki. Sauti ya upande wa pili ikauliza kama kweli mng'ao haurudi. Haurudi, mama akasema. Basi, sauti ikasema, ubaki nao, madame, mimi nitaufanyia nini.

Akakata simu. Nilidhani atafurahi, nikaanza hata kutabasamu. Angalia nilivyo mpumbavu. Alitaka kusimama mlangoni pale Jumamosi na mkufu unaong'aa mkononi. Badala yake ameachiwa kwa sababu hautakiwi. Alikaa nao mapajani muda mrefu, akipitisha vifundo vidoleni kimoja kimoja. Kisha akasimama mbele ya kioo cha ukutani, akauweka shingoni, akanigeuzia mgongo.

"Bon. Dimanche ninaenda nayo kanisa, kwa chorale, na mwenye atasema vitre, weye njo utamujibu. Nifungie hapa nyuma. Lakini unawe mikono kwanza. Na sabuni, unasikia? Hapana dentifrice."