Ndoo Nyembamba ya Cuthbert

Severina alikuwa akianua korosho uani kwake Lulindi, Bernard akaingia anakokota baiskeli. Bernard, mdogo wa mumewe, hakuwahi kupita pale bila shikamoo na utani. Siku hiyo aliegemeza baiskeli ukutani, akavua kofia, akaikunja mkononi.

"Shemeji, sema tu," Severina alimwambia.

"Kaka ametutoka. Homa ileile iliyomlaza. Alfajiri, hospitalini Newala."

Severina alikaa chini palepale penye korosho. "Ee Mungu, mpokee," alisema.

Cuthbert, mumewe, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Miaka ile serikali ilipowafungulia watu binafsi biashara, mkandarasi mmoja binafsi alipewa kazi ya kufikisha bomba la maji kijiji cha Chilangala, ambako akina mama walishuka bondeni na kupanda tena na maji kichwani. Akaleta kijiko, mashine yenye mkono wa kuchimbia. Ndoo ya mkono ule ilikuwa pana kama kitanda. Mzee Nurdin, ambaye shamba lake ndilo lilikuwa njia, akasimama mbele ya mashine.

"Bomba unene wa mkono wangu, mnalichimbia mtego wa tembo? Mizizi ya mikorosho yangu hamkati!"

Mkandarasi akasema basi, Jumatatu mashine inakwenda Mtwara. Cuthbert, aliyeitwa pale kuchomelea mabomba, akaomba aachiwe mashine hadi siku hiyo. Alikata vyuma vya tela bovu, akaunda ndoo nyembamba, meno akayatoa kwenye springi za lori. Ilichimba, lakini udongo mwekundu ulikwama ndani, watu wakawa wanaukwangua kwa jembe. Akarudi nyumbani amenuna.

Severina alikuwa akibinua ugali kutoka kwenye bakuli. "Baba Gift, wewe umetengeneza sanduku. Ungekuwa mpishi, ugali tungeuchimbua kwa patasi! Hulioni bakuli? Mdomo mpana, kitako kidogo."

Cuthbert alilitazama bakuli, akacheka. "Leo umenitukana vizuri, mke wangu."

Jumapili, alipotoka kanisani tu, aliikata ndoo akaichomelea upya, mdomo ukawa mpana kuliko nyuma. Kesho yake udongo ulidondoka wenyewe. Mkandarasi aliona kazi inakwenda, akaiacha mashine. Mtaro ukapita katikati ya mikorosho, hakuna mti uliolala, na maji yakafika Chilangala kabla ya masika.

Cuthbert alizikwa Lulindi siku ya pili ya msiba, baada ya misa. Watu wa Chilangala walikuja kwa lori, Mzee Nurdin akiwatangulia. Waislamu walingoja nje ya kanisa. Jeneza lilipotoka, wakalipokea mabegani, wakapokezana na Wakristo mpaka makaburini. Agnes, dada wa marehemu, alitaka kumshika Severina mkono. "Niache, wifi. Nitamsindikiza kwa miguu yangu." Padri alibariki kaburi, jeneza likashushwa. Severina alitupa udongo, kisha binti yao Gift, kisha Bernard na Mzee Nurdin. Vijana wakafukia. Msalaba wa mbao ulisimikwa, watu wakaimba, wakarudi nyumbani.