Bakteria wa Mama Mkwe

Nilipokuwa natafuta shahada ya pili, chuo kilinipa baraka zote isipokuwa maabara. Mume wangu alikuwa kazini mbali, basi nikahamia na utafiti wangu jikoni kwa mama yake, kijijini Mtinko.

Dirishani niliweka chupa mbili: moja ya tope la ziwa la chumvi kule mjini, nyingine ya tope la lambo wanalonywea ng'ombe. Humo mna bakteria wanaopumua salfeti, madini yaliyojaa kwenye chumvi ya ziwa, kama sisi tunavyopumua hewa, na wakishapumua, nyumba nzima inanuka mayai viza.

Mama mkwe akaniuliza mbona chupa ya ziwa ni nyeusi na inanuka, ile ya lambo imepoa tu. Hapo nikajifanya profesa. Wa ziwani, nikamwambia, salfeti wanayo tele. Wanaiingiza mwilini pamoja na sodiamu. Wa lamboni hawana hata ya kulamba. Kale kadogo kanakopita wanakavuta ndani kwa nguvu zao zote, kwa msaada wa haidrojeni. Kazi yangu ni kupima wanavyovuta wakati wa uhaba, na nikimaliza, mwezi huuhuu, narudi chuoni.

"Kwa hiyo hawa wana njaa, na wewe unawaangalia tu?"

"Ndiyo, mama. Huo ndio utafiti wenyewe."

Aliguna, akaenda zake.

Siku moja natoka sokoni, nakuta chupa ya lambo nyeusi tii, inanuka mpaka barazani. Alikuwa ameitia kijiko cha chumvi ya ziwani, ile ya kulambisha ng'ombe.

"Kwangu halali mtu na njaa," akasema kwa fahari. "Ona walivyonenepa!"

Jamani! Nilitaka kulia, nilitaka kuvunja kitu. Miezi yote ile imekwenda na kijiko! Lakini mama mkwe hafokewi. Nikapiga goti na shahada yangu ya kwanza, nikasema, "Ahsante, mama."

Kisha nikamweleza, meno nimeyauma, kwamba lambo limekauka na tope jipya litapatikana mvua zikinyesha.

"Kwa hiyo mwezi huu huondoki?"

"Siondoki, mama."

Sijapata kuona mtu akifurahia hasara namna ile. Akatoka uani mbiombio, akamfungua kamba jogoo aliyemfunga mguu kwa ajili ya kuniaga.

"Haya, nenda ukale," akamwambia. "Mvua bado."