Habari za Nyasi Kwanza

Mwanzoni mwa miaka ya themanini niliendesha redio ya upepo, ile ya kuitana kati ya vituo, kwenye zahanati moja Karatu. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kusikiliza, nikirudia maneno jikoni hadi mama akaniuliza kama nina homa. Niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa chui.

Ujumbe wa vituo vyote ulipitia kwangu: wagonjwa kwanza, kisha salamu za wananchi. Ndipo madalali wa vitunguu wa Mang'ola walipoigundua redio ya kituo chao.

"Dada, watangazie wote, mzigo upo!" Tangazo lile lile, kutwa nzima. Nilipowakataza walicheka: "Kwani hewa umeinunua?"

Nikatunga sheria: sema shida yako bila kuzunguka, la sivyo nakukata. Madalali waliipenda. Shida yao ilikuwa mdomoni tayari.

Asubuhi moja akaita mzee mfugaji wa Enguserosambu, upande wa Loliondo. "Binti yangu, huko mvua imenyesha? Huku nyasi zimekauka, ila ndama ni wazima. Jirani amehamisha boma…"

Sheria ilitaka nimkate. Nikaweka kidole kwenye swichi. Halafu nikakumbuka wafugaji wanaokuja zahanati: mtu mwenye heshima zake hakutupii shida usoni. Anaanza na nyasi, ng'ombe, watoto. Lililo zito linakuja mwisho.

"Naam, baba," nikasema. "Na kina mama je?"

"Wazima. Isipokuwa mke wa mwanangu. Uchungu umemshika tangu jana, na mtoto amelala vibaya."

"Karatu, Karatu, vitunguu vyekundu…"

"Mang'ola, nyamaza! Ova!" Sikuijua sauti ile kuwa yangu. Nikaita hospitali ya Loliondo, gari likaondoka kumfuata.

Sheria nikaigeuza pale pale: toa habari za kwenu kwanza, kisha useme unayempelekea ujumbe ni nani wako.

"Nyasi? Mimi nauza vitunguu, siyo mbuzi!"

"Basi huna wa kumsalimia. Ova."

Mmoja alinung'unika, kisha akaeleza kwa upole kuhusu mama yake wa Mbulu aliyevunjika mguu. Huyo nilimpitisha. Wengine wakachoka, wakarudi kwenye malori yao.

Alasiri ile hewa ilikuwa nyeupe, haina mkwaruzo, na Loliondo ikasikika kama iko chumbani: "Karatu, mama mzima, mtoto wa kike mzima. Ova."

Nilipiga kigelegele huku swichi ikiwa wazi, vituo vyote vikasikia.

"Hongera, Karatu," ikajibu sauti ya Mang'ola.