Niliitikia kwa Kichwa

Kazi yangu ni kugonga mhuri. Nikiulizwa kwenye sherehe nataja jina refu la kazi, la kuthibitisha hati na viapo, lakini ukweli ni kwamba naendesha gari kutoka nyumba hadi nyumba hapa Toronto na miji inayoizunguka, naketi kwenye meza za jikoni za watu, nawatazama wakitia saini, kisha nagonga mhuri. Kwenye buti nina printa, karatasi ndefu za kisheria, kalamu za bluu za akiba, na mhuri wa chuma wa kubana. Huu hauna wino, unaacha alama ambayo unaweza kuigusa kwa kidole. Asubuhi naweza kuwa Parkdale, ghorofa ya kumi na moja, lifti mbovu, mtu anasaini barua ya kumruhusu mwanawe asafiri na bibi yake. Mchana niko Brampton, mume na mke wanasaini mkopo mpya juu ya nyumba ile ile ya zamani, kurasa chungu nzima, huku wanaulizana kwa macho kama wamefanya la maana. Mimi sishauri mtu. Natakiwa kuhakikisha mambo matatu tu: kwamba mtu ni yeye, kwamba anaelewa anachosaini, na kwamba hakuna anayemlazimisha.

Siku moja kule Pickering nilihakikisha la kwanza tu. Haya mengine ndiyo yanayoninyima raha mpaka leo.

Kwanza niseme sura yangu. Mimi ni Mhindi wa Iringa. Baba alizaliwa pale pale, alikuwa na duka la vitambaa, na Kiswahili nilikijua kabla sijagundua kwamba nyumbani tuna lugha nyingine. Nimegombana kwa Kiswahili, nimechapwa kwa Kiswahili, na nikijigonga kidole cha mguu usiniulize natukana kwa lugha gani. Lakini hapa hakuna anayeniona hivyo. Wanaona mama wa Kihindi mwenye miwani na begi la karatasi, basi. Miaka ya mwanzo nilikuwa najitangaza. Nikisikia Kiswahili ndani ya nyumba natoa "hamjambo" yangu, na watu wanashangilia kana kwamba paka ameongea. Halafu yanafuata maombi. Dada, wewe ni wa kwetu, tupunguzie. Dada, wewe ni wa kwetu, mume wangu yuko kazini, gonga tu atasaini baadaye. Nikachoka, nikaamua kunyamaza.

Kama ingekuwa kuchoka tu, ningejisamehe. Lakini kunyamaza kuligeuka mchezo, na mchezo ukaninogea. Mtu akidhani huijui lugha yake anasema kila kitu mbele yako. Niliwahi kumsikia mke akimwambia mumewe, wote wananitabasamia, kwamba soksi zangu zina rangi ya uji ulioungua. Niliwahi kusikia ndugu wawili wakipanga uongo watakaomwambia dada yao, wakati mimi nabandika vikaratasi vya rangi mahali pa saini. Nikirudi nyumbani nilikuwa namsimulia mume wangu mezani, naigiza na sauti zao, tunacheka mpaka machozi. Siku moja aliacha kucheka, akaniuliza, "Na siku wakisema jambo zito, utafanyaje?" Nikamwambia asinitie mkosi, ale chakula chake.

Siku ya Pickering ilikuwa mwezi wa tatu, theluji imeshageuka matope. Aliyenipigia simu alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, Kiingereza chake safi. Alitaka nithibitishe hati ya uwakilishi: mama yake, aliyekuja kutoka Tanzania kabla ya baridi, anampa yeye mamlaka juu ya nyumba yake iliyoko Morogoro. Hati alinitumia kwa barua pepe. Nilikuwa nimeisoma. Ukurasa wa pili uko wazi kabisa: kuuza, kuhamisha umiliki, kupokea fedha za mauzo.

Mama alikuwa ameketi mezani, sweta juu ya gauni, kilemba kimefungwa vizuri kama anayetegemea kupigwa picha. Umri wake ni umri wa mama yangu. "Karibu, karibu mgeni," akaniambia, na mikono yote miwili akaninyooshea. Shikamoo ilinifika kwenye meno. Nikaiuma. Nikamshukuru kwa Kiingereza, nikavua viatu, nikafungua begi.

Niliomba pasipoti. Alipoitoa mkobani ilifuatana na rundo la funguo lililofungwa uzi mwekundu wa sufu, akaliweka juu ya meza.

"Mama, funguo za Morogoro unatembea nazo Canada za nini?" mwanawe akamuuliza.

"Nikirudi nitafungulia nini? Meno?" akajibu, akacheka mwenyewe. Kisha akaanza kuhesabu: huu wa mlango mkubwa, huu wa stoo, huu wa chumba cha cherehani. "Nyumba ile nimeijenga kwa sare za shule, wewe unajua. Sare moja, tofali tatu."

Mimi nilikuwa nimeinamia karatasi zangu. Baba yangu aliuza kitambaa cha sare. Wanawake kama yeye ndio waliokuwa wakiingia dukani kwetu mwezi wa kwanza, wanapima, wanabisha bei, wanaondoka na mafurushi kichwani, na kwa fedha zao mimi nikasomeshwa. Niliyajua hayo pale pale, si kwamba nimeyafikiria baadaye.

Mwanawe akachungulia saa. "Tumalizane na huyu Muhindi, mama. Hawa wanahesabu kila dakika."

Yule mama akamkata jicho. "Usimseme mtu aliye ndani ya nyumba yako. Hata kama hasikii, ni mgeni wako. Mpe chai." Na alipoona mwanawe hanyanyuki, akanyanyuka mwenyewe, akanimiminia chai ya tangawizi, akanisogezea na andazi kwenye kisosi. Nikasema asante kwa Kiingereza tena. Nikanywa.

Ikafika zamu ya kuuliza. Mama hakuwa na Kiingereza, na mwanawe alijitolea kutafsiri. Mtu ambaye atafaidika na hati hapaswi kuwa mkalimani, hilo nalijua kama jina langu. Lakini nilikuwa na wateja Brampton saa tisa, na barabara ya 401 haina huruma na mtu aliyechelewa. Nikamwambia amwulize mama yake kama anaelewa kwamba hati hii inampa yeye uwezo wa kuuza nyumba.

Akamgeukia. "Mama, anauliza kama umeelewa kwamba hii ni ya mimi kufuatilia wapangaji na kulipa kodi ya ardhi kwa niaba yako."

Nikalirudisha andazi kwenye kisosi. Nikajitia hamnazo, nikapekua begi kama natafuta kalamu.

"Ya wapangaji tu?" mama akauliza. "Si ya kuuza?"

"Nani kasema kuuza, mama? Ni procedure tu. Saini hapa."

Mama akashika kalamu, hakuandika. Alimtazama mwanawe vile mzazi anavyomtazama mtoto anayeapa kwamba ameshanawa miguu. Halafu akanitazama mimi. "Muulize yeye," akasema. "Muulize huyu mama, nikishasaini, nyumba inabaki yangu?"

Mwanawe hata hakubabaika. Akaniambia kwa Kiingereza, kwa tabasamu, kwamba mama anauliza kama aandike jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti.

Nina maelezo mengi ya sekunde zile, na yote nimeshayajaribu. Kwamba kuna fomu ya mkalimani ambayo yeye mwenyewe angeisaini, kuapa kwamba ametafsiri kwa uaminifu, kwa hiyo dhambi ni yake. Kwamba mambo ya familia hayanihusu. Kwamba nilikuwa nachelewa. Yote ni maneno ya kujikosha. Ukweli ni kwamba niliona haya. Nikifungua mdomo, watajua kwamba tangu niingie nilikuwa nasikia: Muhindi, funguo, cherehani, usimseme mgeni wako. Itabidi niseme mbele ya yule mama kwamba nimeinywa chai yake huku namwigizia. Niliogopa kuumbuka, basi, hakuna kingine.

Na yeye alikuwa hamtazami mwanawe. Alikuwa ananitazama mimi, anasubiri.

Niliitikia kwa kichwa. Mara mbili. Na "yes" nikasema, neno ambalo hata yeye alilijua.

"Haya," akasema. "Kama yeye amesema."

Akasaini taratibu, majina yake matatu, ulimi umetokeza kidogo pembeni mwa mdomo, kama anayetunga uzi kwenye sindano. Nikaweka ukurasa kwenye mhuri, nikabana. Mlangoni alinishika mikono tena, akaniambia niendeshe polepole, barabara zinateleza. Mwanawe hakuona haja ya kunitafsiria hilo.

Brampton nilifika kwa wakati. Jioni mume wangu akapakua wali, akaketi, akauliza kama kawaida, "Haya, leo wamesemaje?" Nikamwambia leo hawakusema kitu.

Baada ya wiki mbili nilipiga simu. Nilikuwa nimejiandaa. Hati ya namna ile inaweza kufutwa na mwenyewe wakati wowote kabla haijatumika, kwa karatasi moja tu, na karatasi hiyo ningeweza kuichapa kwenye gari na kumpelekea bure. Nilikuwa nimeandika pembeni ya daftari jinsi nitakavyoanza: mama, mimi ni yule mgeni. Simu akapokea mwanawe. Nikamuuliza kama ameridhika na huduma yangu. Akasema ameridhika sana, atanipeleka kwa marafiki zake. Nikamshukuru! Nikakata simu, nikakaa gereji na koti langu mpaka miguu ikafa ganzi, najichukia, na sikupiga tena.

Mchezo niliuacha. Siku hizi nikisikia neno moja la Kiswahili mlangoni najitaja kabla sijavua viatu. Watu wanashangilia, wanaomba punguzo, nakasirika kama zamani. Nikisema nimebadilika nitakuwa najipamba. Ni woga tu umehamia upande mwingine.

Mwezi wa tisa niliingia duka moja la vyakula vya nyumbani huko Scarborough. Mwenye duka ni mtu wa Tanga, tunataniana. Nilikuwa nimeshika muhogo juu, nampigia kelele kwamba umelala, kwamba anataka kuniuzia kuni, kwamba kwao Tanga hata mbuzi akipewa muhogo kama huu angemshtaki. Yeye anacheka. Nikageuka kutafuta shahidi wa kuniunga mkono, na nyuma yangu, na kikapu mkononi, alikuwa amesimama yule mama.

Nilitamani ardhi ipasuke. Muhogo bado ninao mkononi.

"Shikamoo," nikasema. Ilikuwa imechelewa nusu mwaka.

"Marahaba," akaitikia, maana ni mtu wa namna hiyo. Akanikagua polepole, miwani, koti, viatu. "Kiswahili chako ni cha wapi?"

"Cha Iringa, mama."

"Iringa." Akatikisa kikapu kidogo, kama anayepima uzito wake. "Nyumba iliuzwa mwezi wa sita. Jirani ndiye aliyenipigia simu, ananiuliza mbona watu wanang'oa madirisha. Kwa hiyo siku ile ulinisikia nilipouliza."

"Nilikusikia, mama."

"Na nilipomkanya mwanangu asikuseme?"

"Hilo pia."

Mwenye duka aliacha kucheka, akajifanya anapanga unga. Nilisubiri matusi. Niliyataka, jamani, nilikuwa nimeyasubiri tangu mwezi wa tatu. Lakini yule mama hakupandisha hata sauti. Alizungumza kama mtu anayejieleza mwenyewe jambo ambalo ndio kwanza anaanza kulielewa.

"Siku ile nilitafuta mtu mle ndani," akasema. "Nikakutazama wewe, nikaona, maskini, naye hanisikii. Nikajua niko peke yangu. Kumbe tulikuwa wawili."

Akanipita, akaweka kikapu chake kaunta. Alipotafuta pochi, funguo zilitoka kwanza na uzi wake mwekundu. Akaziweka pembeni ya mizani, akalipa, kisha akazirudisha mkobani na kufunga zipu mpaka mwisho.

Nilimwahi mlangoni. Nikamwambia, "Mama, nisamehe."

"Nimekusikia," akasema, akatoka.