Sabuni ya Mama Hadija Ndani ya Maji ya Moto

Yai likichemka kupita kiasi, wakati wa kulimenya kuna harufu inayotoka pale kiini kimegeuka kijani kidogo. Wajukuu wangu wanakunja pua. Mimi harufu ile inanishusha mulima, upande wa ziwa, mupaka kwa Mama Rebeka, na ninakuwa tena na miaka nane.

Juzi nilikuwa ninamenya mayai hapa kwetu Bunia, mutaa wa Lumumba, mujukuu wangu Grasia akanisogezea telefone yake. "Koko, tazama Wajapani." Nikatazama. Nyumba ya mbao, viatu vimepangwa ku mulango, wageni wote wamevaa nguo ya namna moja. Wanajisugua kwanza pembeni, halafu wanaingia polepole katika maji yanayotoa moshi, wanafunga macho.

"Ile nyumba," nikasema, "niliisha kulala mule."

Grasia akacheka mupaka telefone ikaanguka juu ya maganda. Kweli, Japani sikufika. Hata Kisangani sikufika. Lakini nyumba ile ninaijua, na ninyi ambao hamunicheki nitawaambia namna niliijua.

Mama yangu aliitwa Esta. Mbele ya siku ile ya mawese, kati ya majirani zetu hakukuwa mwanamuke wa kumushinda kulima. Siku ile sufuria ya mafuta ilimupindukia, ikamuunguza kutoka kiunoni mupaka chini ya goti. Kidonda kilikauka, lakini ngozi ilivuta goti, likabaki limekunjika kama la mutu anayetaka kukaa na hajakaa. Alitembea na fimbo. Kuchota maji, hapana. Kushuka shambani, hapana.

Muganga wa dispanseri alisema maji ya moto kila siku, na kunyoosha. Shangazi Adela, dada ya baba, alisema mengine. Kila siku ya Mungu, watu wakitoka kusali, alikuja kukaa karibu na baba na kuongea kwa sauti ambayo mama alisikia vizuri kule jikoni: "Kaka, shamba haingojei. Tafuta mwanamuke mwenye miguu mbili." Baba alikuwa ananyamaza. Mimi niliogopa kunyamaza kwa baba kuliko maneno ya shangazi.

Basi baba akamukalisha mama nyuma ya kinga, baiskeli yake, akaisukuma, na mimi nikafuata nimebeba mukeka juu ya kichwa. Tulilala Bogoro kwa watu wa kanisa, asubuhi tukashuka kutafuta yale maji ya moto yanayotoka yenyewe chini ya udongo. Harufu ilitufikia mbele ya kuona moshi. Nikadhani kuna mutu ametupa mayai mabovu njiani. Baba alitukabizi kwa Mama Rebeka, akasema atarudi nyuma ya majuma mawili, akapanda mulima.

Mama Rebeka alikuwa mujane mufupi, mwenye maneno machache, na nyumba yake ilikuwa na sheria kuliko shule. Viatu vinabaki ku mulango. Kila mugeni anapewa kikwembe cha nyumba, kitambaa cha kujifunga, vyote bluu iliyopauka, na nguo ulizokuja nazo zinafungwa mupaka siku ya kurudi, hivi hautajua nani ni muke wa mukubwa na nani anauza mihogo. Kwanza unaoga na sabuni ku mufereji wa maji baridi, unajisugua hata visigino. Kisha ndiyo unaingia maji ya moto, bila sabuni, bila kelele. Mayai na makemba, zile ndizi za kupika, yalipikwa juu kidogo, ndani ya tundu ambamo maji yanachemka yenyewe; ukingoja chakula unasikia mayai yanagongana. Na mikeka alitandika yeye mwenyewe. Mama alipotaka kumusaidia, alimunyanganya mukeka. "Kazi iko kwenu, Mama Feza. Haitapotea." Feza ni mimi.

Shimo la maji ya moto la wanawake lilizungushwa na matete, lilikuwa pana kama jiko kubwa. Wageni ninawakumbuka wote. Mama Ana wa Mahagi, ambaye alikuja kila mwaka sababu ya mugongo. Sara na Salome, mapacha waliogombana hata wamefunga macho. Na Mama Hadija wa Niania, ambaye bwana wake aliuzia wachimba zahabu mchele na chumvi. Mwanamuke munene, sauti kubwa, roho kubwa.

Siku ya kwanza mama alikaa juu ya jiwe, akashika kikwembe kwa mukono, akatia nyayo tu ndani ya maji.

"Mama Feza," Mama Hadija akamwambia, "unaonja chumvi? Ingia, hatutakupika supu."

Wakacheka. Mama pia alicheka, lakini mukono haukuacha kikwembe. Siku ya pili, vilevile. Goti lilibaki inje, kavu. Nikaanza kuona siku ya baba kurudi: atakuta muguu namna aliuacha, na Shangazi Adela atakuwa anamungojea ku mulango.

Nilifikiri sababu ninaijua. Mama alikuwa mutu wa usafi, samaki yenye harufu kidogo aliirudisha sokoni hata kama ni mbali. Kumbe ni harufu hii ya mayai inamukataza kuingia, nikajiambia. Na dawa ya harufu ilikuwa katika kopo la Mama Hadija: sabuni nyekundu-nyeupe kama ulimi wa mutoto, ya kutoka Kisangani, yenye harufu ya maua. Akifungua kopo, nyumba muzima inajua.

Asubuhi ya tatu, wakubwa wakiwa wanamaliza chai, nikachukua sabuni ile, nikapita matete, nikaisugua juu ya mawe na mikono miwili mupaka ikabaki kama ukucha. Povu likapanda. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza. Ukweli, sasa ilikuwa mayai mabovu yaliyopakwa maua, lakini mimi niliona ni vizuri.

Mama Hadija aliingia wa kwanza. Akanusa. Akatazama povu, akatazama mikono yangu.

"Sabuni yangu iko wapi?"

Nikafungua mukono, nikamuonyesha kile kiukucha.

"Sababu gani, mutoto?"

"Mama aingie."

Mama Hadija akachukua kile kiukucha. Wengine walikuwa wamefika nyuma yake, na mama juu ya fimbo yake, uso umeanguka kwa haya. Salome akasema watoto wa Bunia hawana adabu, Sara akamujibu ulizia wako kwanza. Ndipo Mama Rebeka akapita katikati yao. Aliangalia povu. Aliniangalia. Halafu akaangalia mama kwa muda murefu, ule mukono juu ya kikwembe.

"Maji imeharibika," akasema. "Leo hakuna mutu anaingia hapa. Feza atasugua mawe yote. Na weye Mama Feza utabaki kumuchunga, ni mutoto wako."

"Siku muzima?" Mama Ana akalalamika. "Na mugongo wangu?"

"Siku muzima."

Akawatoa wote kama kuku, akalaza tete moja katika njia kuifunga.

Tukabaki wawili. Nilisugua huku ninalia. Povu lilikuwa linatoka lenyewe pale maji yanapokimbilia bondeni, na mimi niliona linatoka, lakini mutoto mwenye woga anaona na haelewi. Jua likapanda. Hakukuwa sauti, ni maji tu.

"Feza," mama akasema, "geuka."

Nikageuka. Nikasikia kikwembe kinaanguka juu ya jiwe, kisha maji yanafunguka. Niliporudisha macho, mama alikuwa ndani mupaka shingo. Akaniita niingie, akachukua mukono wangu, akauweka chini ya maji, juu ya ngozi ile ambayo sikuwa nimeigusa hata siku moja. Ilikuwa na vilima na mabonde. "Sugua polepole." Nikasugua. Naye akasukuma muguu, anauma midomo, na goti likaachia kidogo, kama mulango uliovimba na mvua. Tulitoka, tukapumuzika, tukaingia tena. Hivyo mupaka jua lilianza kulala.

Kesho yake wanawake walirudi, na mama akaingia pamoja nao. Kikwembe chake kililala juu ya mawe na vingine. Hakuna aliyesema neno, ila Mama Hadija: "Sogea, Mama Feza, umekaa fasi yangu."

Baba aliporudi, kinga ilipanda mulima bila mutu juu yake. Mama alikuja nyuma na fimbo, anapumuzika kila kona. Kwetu tulimukuta Shangazi Adela mbele ya mulango, amekaa katika kiti. Mama akaegemeza fimbo ku muti, akavuka kiwanja kwa miguu yake mbili, anachechemea lakini anakuja. Baba alisema maneno yale niliyongoja mwaka muzima: "Adela, simama. Muke wangu anataka kukaa."

Mimi nilikua na haya yangu moyoni: mutoto aliyeharibu maji ya watu. Mupaka nikazaa, mugongo ukaniuma, nikashuka kwa Mama Rebeka miye mwenyewe. Alikuwa amezeeka, jicho moja limefunga. Nilikuwa nimekaa naye karibu na tundu la mayai wakati mutoto wa mugeni alimwaga beseni muzima ya maji ya sabuni ndani ya shimo. Nikaruka. Mama Rebeka hakusimama.

"Acha. Maji inatembea."

Na kweli, mayai hayakuwa yameiva bado, na maji yalikuwa yameisha kuwa safi.

Povu langu la siku ile halikuhitaji siku muzima kutoka. Aliona mukono wa mama juu ya kikwembe, hakumuuliza kitu mbele ya watu, alichukua tu ujinga wangu, akaufanya kuwa ruhusa. Na Mama Ana, aliyekuja kila mwaka, hakujua maji yale yanajisafisha? Alijua. Wote walijua. Walilalamika kwa sauti, wakatuachia maji yao siku muzima.

"Mama Rebeka," nikamuuliza, "na ile siku ya sabuni?"

Alitoa yai ndani ya maji na kijiko cha muti, akaliweka katika mukono wangu.

"Mama yako anatembea?"

"Anatembea. Nilimuacha anaenda shambani."

"Basi," akasema. "Menya, litapoa."