Jina Lake Bado Limo

Mume wangu alikuwa ameandika programu ya kuwaita waimbaji wa kwaya yetu, hapa kwenye komuni ya mji wetu iitwayo Kenya kama ile nchi. Kila Jumamosi asubuhi kompyuta yake ya zamani ilimtumia kila mmoja ujumbe: "Tunakungojea kwenye mazoezi." Alipokufa, ikaendelea kumwita na yeye. Simu yake ililia juu ya kabati, na mama mkwe, ambaye kumbukumbu zimeanza kumtoka, akainuka kumtilia mwanawe maji ya kuoga.

Simu hatukuizima, kwa sababu ndugu wa Kilwa walikuwa bado wanatupa pole kwa namba ile. Kumfuta kwenye programu sikutaka. Nilitaka tu asiitwe tena, mama mkwe aache kubeba ile ndoo.

Sekondari sikuimaliza, lakini marehemu alikuwa amenionyesha kidogo. Majina aliyaweka katika kitu alichokiita mapu: jina ni ufunguo, na nyuma ya kila jina mna sauti anayoimba mtu, namba yake, na neno "yupo", ambalo bila hilo haitwi. Nilijaribu kulibadilisha neno humo humo, mashine ikakataa. Basi nikayatoa yote yaliyokuwa nyuma ya jina lake, nikaandika "hayupo", nikaiambia skrini inionyeshe. Ikaonyesha: hayupo. Nililia, nikafunga kompyuta nikijua imekwisha.

Jumamosi simu ikalia. Mama mkwe akachukua ndoo.

Nikamwita mwimbaji mwenzake mume wangu, fundi wa kompyuta. Alisoma, akacheka kidogo, kisha akaona haya.

"Mama, uliandika juu ya fotokopi! Karte yenyewe, ile ya kwanza, iko palepale, inasema muntu iko."

"Lakini niliona hayupo."

"Uliona mu fotokopi. Hapa ukitoa kitu mu mapu, inakupatia kopi tu. Ukisha kubadirisha, lazima urudishe." Akanisogezea kiti. "Andika weye. Miye siwezi."

Ulikuwa mstari mmoja: jina lake, alama ya sawasawa, na kile nilichokwisha kubadilisha. Vidole vilikaa juu ya herufi muda mrefu. Mara ya kwanza neno halikushika. Sasa nilijua litashika.

Jumamosi iliyofuata mama mkwe alikaa mlangoni, ndoo kati ya miguu yake.

"Leo habamuite?"

"Hapana, mama."

Akasikiliza nyumba. "Basi alisha kwenda," akasema, akanawa uso kwa maji yale.